Dhahabu Isiyochimbwa na Bwanyenye wa Ikulu

(Maoni haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa kijana mmoja wa chuo. Ananiuliza hivi: "Mtangazaji, kila siku mnatuambia fulani ni bwanyenye na ana mkono serikalini. Huo mkono ni nini hasa? Anafanya nini ambacho mfanyabiashara wa kawaida hawezi kukifanya?"

Swali zuri. Tumelitamka neno bwanyenye mara nyingi mno bila kulieleza. Kwa hiyo leo sitapiga kelele wala kumtukana mtu. Nitaeleza tu, hatua kwa hatua, na mfano nitakaoutumia tunao hapa nyumbani Kenya: kampuni iliyoitwa Goldenberg International na kijana aliyeianzisha, Kamlesh Pattni.

Lakini kabla ya kuingia Benki Kuu, naomba tupitie jikoni kwa mama yangu.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa akiuza mandazi kando ya barabara, na kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kukanda unga. Mwaka huo nikaona jambo ambalo sikulielewa. Kila baada ya majuma machache mama alipunguza kipimo cha donge. Bei hakuipandisha, maana aliogopa wateja wangemkimbia. Basi mandazi yakawa madogo, kisha yakawa madogo zaidi, hata mzee mmoja, mteja wetu wa siku zote, akamtania: "Mama, mandazi yako yamepatwa na homa?" Mama alicheka, lakini usiku nilimsikia akihesabu sarafu mara mbili mbili, akitumaini kwamba hesabu ya pili ingezidi ya kwanza.

Leo najua homa hiyo ilitoka wapi. Mwishoni mwa 1992 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 36. Mwishoni mwa 1993 ilikuwa karibu shilingi 68. Mfumuko wa bei mwaka huo ulifikia kiasi cha asilimia 46. Si Goldenberg peke yake iliyosababisha haya, na nitafika hapo. Hata hivyo ilikuwamo, na ilikuwamo kwa uzito mkubwa.

Sasa tuanze mwanzo. Kenya, kama nchi nyingi, ilikuwa na sheria ya kuwafidia wauzaji bidhaa nje. Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema. Mtu anayetengeneza bidhaa hapa nchini na kuiuza ng'ambo analeta fedha za kigeni, na taifa linazihitaji fedha hizo kununulia mafuta, dawa na mitambo. Kwa hiyo Serikali ilimwambia: ukiuza nje bidhaa ya shilingi 100, sisi tutakuongezea shilingi 20 ili nawe upate nguvu ya kushindana. Hiyo asilimia 20 ilikuwa imeandikwa katika sheria.

Mwaka 1990 ikaundwa Goldenberg International. Mwenye kampuni, Bwana Pattni, alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Aliiendea Wizara ya Fedha na ombi. Alisema anaweza kuiletea nchi dola milioni 50 kila mwaka kwa kuuza nje dhahabu na vito vya almasi. Ila alikuwa na masharti. Kwanza, awe peke yake katika biashara hiyo. Pili, alipwe asilimia 35, wala si 20.

Msikilizaji, tusimame hapa kidogo. Dhahabu gani? Kakamega kulikuwa na dhahabu, na katika miaka ya 1930 wazungu walimiminika huko kuitafuta. Lakini mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa katika miaka ya 1950, na ule wa Macalder kule Migori ukafuata katika miaka ya 1960. Waliobaki ni wananchi wenye karai na sepetu, wanaochekecha mchanga kutwa nzima kutafuta chembe. Na almasi? Kenya haina mgodi wa almasi. Mtoto wa shule aliyesoma jiografia ya nchi yake angeweza kulijibu ombi lile kwa neno moja.

Wizara haikulijibu hivyo. Ombi lilikubaliwa. Asilimia 20 ililipwa kwa jina la sheria, na asilimia 15 ya ziada ikaitwa malipo ya hisani. Nawaomba mlitie akilini neno hilo, hisani. Sheria haikuiruhusu, lakini barua iliiruhusu. Huo ndio mkono aliokuwa akiuulizia yule kijana wa chuo. Mfanyabiashara wa kawaida husoma sheria na kuifuata. Bwanyenye huandikiwa barua.

Na tusisahau jambo jingine. Mkurugenzi mwenzake Pattni katika kampuni hiyo alikuwa James Kanyotu, mtu aliyekiongoza kitengo cha ujasusi cha nchi hii tangu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa jiweke mahali pa afisa wa forodha pale uwanja wa ndege. Umeletewa sanduku, na karatasi zinasema ndani mna dhahabu. Unajua jina la mwenye kampuni, na unajua pia jina la mkurugenzi mwenzake. Je, utalifungua?

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Ukiuza kweli dhahabu ya shilingi milioni 100, unapokea milioni 100 kutoka kwa mnunuzi na milioni 35 kutoka Serikalini. Lakini kama huna dhahabu, unaweza kununua dola hapa hapa Nairobi, ukazipeleka benki na kudai kwamba ndizo malipo ya dhahabu uliyouza Dubai au Uswisi. Shilingi zako milioni 100 zimegeuka dola, na dola hizo zikirudishwa kuwa shilingi hujapoteza kitu kikubwa. Milioni 35 za hisani na sheria ndizo faida. Unazichukua, unanunua dola nyingine, unarudia tena. Dhahabu inazunguka katika makaratasi tu, huku fedha ya Hazina Kuu ikitoka ikiwa fedha halisi.

Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Ya pili ilikuwa mikopo. Benki Kuu ilikuwa na mpango wa kuwakopesha wauzaji bidhaa nje kabla hawajasafirisha, ili wapate mtaji wa kuandaa shehena. Kwa mkulima wa maua au mwenye kiwanda cha nguo mpango huo ni wa maana sana. Mikononi mwa mtu mwenye shehena ya makaratasi, ukawa bomba lililofunguliwa. Hatua ya tatu ilikuwa benki. Mwaka 1992 Pattni alikuwa na benki yake mwenyewe, Exchange Bank, na sasa aliweza kuiuzia Benki Kuu ahadi za dola. Alilipwa shilingi leo kwa dola ambazo zingeletwa kesho. Kesho nyingine hazikufika kamwe.

Mtauliza, je, wakuu wa fedha walikuwa wamelala? Hapa ndipo siasa inapoingia, na tusipoieleza siasa hatutaielewa biashara. Mnamo Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada wakitaka mageuzi. Desemba ya mwaka huo kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa, na vyama vingi vikaruhusiwa. Kwa hiyo Serikali ya chama kimoja ilijikuta inaukabili uchaguzi wa Desemba 1992 bila fedha za kigeni na bila uhakika wa kushinda. Kampeni ile ilikuwa ya noti. Noti ya shilingi 500 ilibandikwa jina la mwanasiasa kijana wa siku hizo, Jirongo, kwa jinsi ilivyogawanywa. Fedha nyingi mno zilimwagwa sokoni bila bidhaa za kuzilinganisha nazo, na hiyo ndiyo homa iliyoyapata mandazi ya mama.

Katika hali kama ile, mtu anayesema "mimi nitawaletea dola" hupokewa kama mkombozi. Hakuna anayemwuliza anazitoa wapi. Na yeye anaijua haja ya wakubwa kuliko wakubwa wenyewe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Bwanyenye hana uadui na methali hiyo, ndiyo mtaji wake.

Baada ya uchaguzi mambo hayakusimama. Mwaka 1993, shilingi bilioni 5.8 zilitoka Hazina Kuu kwenda kwa Goldenberg. Katikati ya mwaka huo gavana wa Benki Kuu, Eric Kotut, aliondoka na Micah Cheserem akachukua nafasi yake. Exchange Bank ikafungwa. Ili kuzirudisha fedha zilizozagaa, Serikali ilizikopa kwa hati za Hazina zilizolipa riba ya zaidi ya asilimia 70 kwa mwaka. Hebu fikiri. Ni benki gani ingemkopesha fundi cherehani au mkulima wakati Serikali inalipa riba ya namna hiyo? Mwenye fedha alizidi kutajirika akiwa amelala, na asiyekuwa nazo akafunga duka. Deni hilo la ndani tumelilipa kwa miaka mingi, kupitia sukari, mafuta ya taa na nauli.

Tumelijuaje haya yote? Hapa nataka kumtaja mtu ambaye si bwanyenye.

David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, katika idara iliyoshughulikia hiyo mikopo ya wauzaji nje. Makaratasi ya Goldenberg yalipita mezani pake. Aliona madai yanalipwa upesi kupita kiasi, na stakabadhi hazilingani na dola zilizodaiwa kuingia. Aliuliza, akaambiwa anyamaze. Hakunyamaza. Mwaka 1993 makaratasi aliyoyatoa yaliwafikia wabunge wa upinzani, na nchi ikaisikia habari hiyo Bungeni.

Malipo yake yalikuwa nini? Alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa mashtaka hayakusimama, alifutwa kazi. Alihamia Mombasa kutafuta riziki, kisha akarudi maeneo ya Narok. Mwaka 2004 Transparency International hapa Kenya ilimpa tuzo ya uadilifu. Julai 2006 akafariki dunia, maskini, hajarudishwa kazini wala kufidiwa. Sheria ya fidia ilimpata mwenye dhahabu ya karatasi, ila haikumpata aliyeiokoa nchi.

Mwaka 2003 Serikali mpya ya Rais Kibaki iliunda Tume chini ya Jaji Samuel Bosire. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, na mwalimu wetu alitutuma KICC tukasikilize. Nilikaa nyuma, daftari mapajani. Nakumbuka nilivyoshangazwa na upole wa mambo. Nilitarajia kuwaona majambazi. Niliwaona watu waliovaa suti nzuri wakizungumza juu ya barua, sahihi na tarehe. Shahidi mmoja husema alipokea agizo kutoka juu, mwingine husema yeye alipitisha tu. Kila mtu alikuwa daraja, na hakuna aliyekuwa ng'ambo ya mto.

Ripoti ilitolewa Februari 2006. Tume ilifuatilia shilingi bilioni 158.3 zilizozunguka katika miamala ya Goldenberg. Ilisema malipo ya asilimia 35 hayakuwa halali. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Fedha mwaka 1990, alitajwa, akajiuzulu uwaziri. Lakini Julai mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamuru jina lake liondolewe katika ripoti, akarudi Barazani. Bwana Pattni mwenyewe alishtakiwa mara kadhaa na kuwekwa rumande. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikayafuta mashtaka dhidi yake. Jaji aliyetoa uamuzi huo, Joseph Mutava, alichunguzwa na jopo, na mwaka 2016 jopo likapendekeza aondolewe kazini kwa mwenendo wake kuhusiana na kesi hiyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha pendekezo hilo. Ndivyo ilivyo hadi leo: hakuna kigogo hata mmoja aliyefungwa kwa hukumu ya Goldenberg.

Na hoteli? Wale wanaopita Uhuru Highway wanalifahamu lile jumba refu lililoitwa Grand Regency. Pattni alilijenga, Benki Kuu ikalidai kwa miaka mingi, na mwaka 2008 akaliachia. Mara likauzwa kwa Walibya kwa kiasi cha shilingi bilioni 2.9, uuzaji uliozusha zogo hata Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, akalazimika kuachia kiti mwezi Julai. Mali ya kashfa moja ikazaa kashfa nyingine.

Bwanyenye naye hakuzeeka. Aliokoka, akaitwa Brother Paul. Aliongoza chama cha siasa, KENDA. Mwaka 2023 televisheni ya Al Jazeera ilimtaja katika uchunguzi wake juu ya dhahabu ya Zimbabwe, naye akakanusha. Tarehe 9 Desemba 2024 Serikali za Marekani na Uingereza zikamwekea vikwazo, zikidai kwamba mtandao wake uliendesha magendo ya dhahabu na kuwahonga maafisa. Hayo ni madai ya serikali hizo, si hukumu ya mahakama. Lakini kumbukeni, ni dhahabu ile ile iliyotajwa, miaka 34 baada ya ombi lile la 1990.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia. Wapo walioifanya habari hii kuwa ya Wahindi na Waafrika. Sikubali. Pattni hakuwa na mhuri wa Wizara. Hakuwa na ufunguo wa Hazina Kuu. Kila shilingi iliyotoka ilitolewa na Mkenya mwenye cheo aliyeapa kuilinda. Ukimfukuza bwanyenye mmoja na kuuacha mlango wazi, ataingia mwingine mwenye rangi na kabila upendalo, na mandazi yatapungua vile vile.

Wala sisemi haya kama mtu msafi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, niliandaa maoni juu ya tajiri aliyepata ardhi ya umma kwa njia ya ajabu. Mkubwa wangu aliyasoma, akayaweka mezani, akaniuliza swali moja tu: "Unajua anayelipia taarifa ya habari ya saa moja ni nani?" Nilijua. Niliyachukua makaratasi yangu nikatoka. Jioni hiyo nilisoma maoni juu ya usafi wa masoko. Nilikuwa na karo ya mtoto ya kulipa, na bila shaka Munyakei naye alikuwa na ya kwake. Tofauti ni kwamba yeye hakuyachukua makaratasi akatoka kimya. Kila nikikumbuka nyuso zile za KICC, watu waliokuwa madaraja, najua kwamba siku ile nami nilikuwa ubao mmoja wa daraja hilo.

Kwa hiyo, ewe kijana uliyeniandikia, mkono serikalini hauna uchawi. Ni kanuni inayowabana wote kisha ikalegezwa kwa mmoja. Ukitaka kuutambua, usiangalie gari la bwanyenye wala jumba lake. Uliza mambo ya kawaida. Je, biashara hiyo amepewa peke yake, na kwa nini? Je, kiwango anacholipwa kimeandikwa katika sheria au katika barua? Je, bidhaa yenyewe imeonekana kwa macho, au imeonekana katika karatasi tu? Na mkurugenzi mwenzake ni nani? Maswali haya anaweza kuyauliza karani, anaweza kuyauliza mbunge, na anaweza kuyauliza msikilizaji aliyeketi jikoni. Mwaka 1990 yangeulizwa kwa sauti na watu wa kutosha, karani mmoja hangalazimika kuyabeba peke yake.

Mama yangu bado yu hai. Nilimsomea maoni haya kabla ya kuja hapa studioni. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe yule mzee alikuwa akinilaumu mimi bure." Miaka hii yote mama alidhani mandazi yalikuwa madogo kwa sababu yeye hakujua biashara.

Msikilizaji, tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaheri.